Gari la Moshi la Mombo

Watu wa milimani Usambara hawasemi kwamba wanakwenda Mombo. Husema wanashuka Mombo. Na kweli ni kushuka. Kutoka Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona tupu, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Unapita Soni penye maporomoko ya maji, masikio yanaziba, na joto la bondeni linakupokea kabla hujaona nyumba ya kwanza. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Mombo iko kama mita 1,000 chini yake. Siku hizi mtu hushuka Mombo kutafuta basi la Tanga, la Arusha au la Dar es Salaam. Zamani alishuka kutafuta gari la moshi.

Mababu na mabibi waliopata kulipanda hulitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia mbali. Vijana huwacheka. Gari lililokwenda polepole vile, lenye kutapika masizi juu ya nguo nyeupe za watu, lina sifa gani? Sisi twaona wazee wana haki ya kulikumbuka. Ila yafaa tulikumbuke lote zima, tangu siku ya jembe la kwanza, wala si mlio wa filimbi peke yake.

KAHAWA ILIILETA, MKONGE UKAILISHA

Reli ya Usambara ndiyo reli ya kwanza ya Tanganyika. Kampuni moja ya Kijerumani iliianza Tanga mwaka 1893, kwa nia ya kuchukua kahawa ya mashamba mapya ya Usambara Mashariki. Mwaka 1896 ilifika Muheza, kilomita 40 tu, na hapo fedha zikaisha. Kahawa yenyewe nayo haikustawi kama wenye mashamba walivyojisifia kwao Ulaya. Mwaka 1899 Serikali ya Wajerumani ikaichukua reli mikononi mwake. Ikasogea pole pole: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, kilomita 350 hivi kutoka pwani. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 18 kwa safari ambayo basi la leo huimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Mapadre na mabruda Watrapisti walipokuja kuanzisha misioni ya Gare mwaka 1897, reli ilikuwa bado Muheza. Kutoka hapo mpaka milimani kila kitu kilikwenda kwa miguu na kwa vichwa vya wapagazi. Miaka minane baadaye kengele, bati, saruji na mashine ya kushonea viliweza kufika Mombo juu ya magurudumu. Kilichobaki kilikuwa kupanda mlima, nako si kubaya sana kwa mtu aliyezoea, ingawa sijamwona anayekupenda.

Wengi huuliza kwa nini reli haikuletwa mpaka Lushoto, na hasa kwa kuwa Wajerumani waliupenda mji huo hata wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Jibu liko katika magurudumu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi. Injini ya mvuke yenye kuvuta mzigo hupanda vizuri mita 2 hivi kwa kila mita 100 za njia. Ukitaka kupanda mita 1,000 kwa kipimo hicho, wahitaji njia ya kilomita 50 ikijizungusha mlimani kama nyoka, pamoja na madaraja na mahandaki yake. Fedha hizo hazikuwapo. Basi reli ikapita chini, ikiiacha milima upande wa kulia kwa msafiri aendaye Moshi, na milima ikajengewa barabara.

Na nani aliyejenga? Vitabu hutaja mainjinia. Wao walipima na kuchora, nasi twawapa haki yao. Lakini tuta la reli lilichongwa kwa jembe na karai, na mataruma yalibebwa mabegani mwa watu. Walikuwamo Washambaa, Wabondei na Wazigua, tena Wanyamwezi waliotembea majuma mengi kutoka barani. Huku milimani shida ilizidi. Mwaka 1907 ulianza katika wilaya ya Wilhelmstal utaratibu wa kadi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi, naye alipaswa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeijaza kadi yake alipelekwa kwenye kazi za Serikali, kama vile barabara, kwa ujira mdogo zaidi. Shamba lake la mahindi halikuulizwa. Mvua zikinyesha na kadi haijajaa, mke na watoto ndio waliolima.

Twayasema haya kwa sababu kupenda mambo ya zamani kuna hatari moja. Mtu hukumbuka uzuri wa daraja akasahau walioangukia mtoni. Babu yako akikusimulia filimbi ya gari la moshi, mwulize pia baba yake alipata nini.

Kahawa iliposhindwa, mkonge uliiokoa reli. Mmea huo uliletwa mwaka 1893, mwaka ule ule reli ilipoanza, na miche iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 nchi yote ya tambarare toka Tanga mpaka chini ya milima ya Usambara ikawa mistari mirefu ya majani yenye miiba. Marobota ya katani yakajaza mabehewa. Pasipo katani, pengine njia ile ingaliishia Muheza.

INJINI ILIVYOKUWA

Watoto wa leo wamezaliwa na dizeli, wala hawajaona injini ya mvuke ikifanya kazi. Basi tuwaeleze kidogo. Ndani ya injini mlikuwa na tanuri. Zamani lilikula kuni, baadaye mafuta mazito. Moto ulipita katika mabomba yaliyozungukwa na maji, maji yakachemka, na mvuke wake, usiokuwa na pa kutokea, ukasukuma pistoni mbele na nyuma. Fimbo kubwa ya chuma ikaupeleka msukumo ule kwenye magurudumu. Mvuke uliokwisha kazi ulitoka kwenye bomba la moshi kwa kishindo: chu, chu, chu, chu. Aliyeuzoea mlio ule aliweza kujua akiwa kitandani kama gari limebeba mzigo mzito au ni tupu.

Injini ilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, ndiyo maana stesheni nyingi zilikuwa na tangi kubwa juu ya nguzo. Gari liliposimama kunywa, watu wa stesheni nao walipata riziki. Akina mama walikuja na ndizi, mayai ya kuchemsha, maembe na miwa, wakiuza kupitia madirishani. Injini ilikuwa na sanduku la mchanga pia. Penye mlima, au reli ikilowa kwa mvua, dereva alimwaga mchanga kidogo mbele ya magurudumu yapate kushika. Hakuna ajabu hapo. Hata mama ashukaye na tenga la mapeasi siku ya matope hutafuta mahali penye changarawe.

Njia ilikuwa moja tu. Gari la kwenda na gari la kurudi hazikuweza kupishana ila stesheni. Kwa hiyo stesheni masta aliuliza kwanza stesheni ya mbele kama njia ni wazi, na dereva hakuondoka bila ruhusa. Gadi nyuma akapunga bendera ya kijani, filimbi ikalia, na mtu aliyechelewa akakimbia na mzigo kichwani huku wenzake wakimwita kwa jina. Hapo ndipo mahali pa vicheko, na pengine pa machozi. Kijana aendaye shule ya mbali, baba aendaye kazi ya mkataba katika mkonge, binti aolewaye Upare, wote waliagwa pale pale penye sakafu ya stesheni.

Tusidanganyane lakini. Katika siku za ukoloni madaraja matatu ya mabehewa yalikuwa kama ngazi ya rangi za watu. La kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi hasa, na la tatu, lenye mabenchi ya mbao, lilikuwa letu. Humo tulibanana na kuku na watoto na mizigo. Na bado wazee hulisifu daraja la tatu. Sababu yao ni njema, nayo ni nauli. Ilikuwa imeandikwa. Mjane kutoka Bumbuli na karani wa Serikali walisoma bei ile ile ukutani, wala hapakuwa na utingo wa kumwambia mjane kwamba leo imepanda. Aliyepata kusimama barabarani siku mbili kabla ya Noeli, ana watoto watatu na kikapu, atafahamu kwa nini neno hilo halisahauliki.

RELI NDOGO NA KAMBA YA ANGANI

Milima haikuachwa kabisa. Kule Usambara Mashariki, kutoka Tengeni karibu na Muheza, ilijengwa reli nyembamba ya upana wa sentimita 75 tu kwenda Sigi, chini ya Amani, kama kilomita 23. Ilimalizika mwaka 1910. Ilifuata mbao za msitu, ikawa pia njia ya kwenda kwenye kituo cha uchunguzi wa mimea kilichoanzishwa Amani mwaka 1902. Penye mlima mkali gari lilipanda kwa kwenda mbele, likasimama, likarudi kinyumenyume katika njia nyingine ya juu zaidi, kisha mbele tena, kama mtu apandaye ngazi ya ubavuni. Reli ile iling'olewa zamani. Nyumba ya stesheni masta wa Sigi ingalipo, imetengenezwa, na wageni wa msitu wa hifadhi wa Amani hupokelewa hapo.

Upande wetu wa magharibi palikuwa na kitu cha ajabu zaidi. Msitu wa Shume ulikuwa na mierezi mikubwa, ile ambayo Washambaa huiita mwangati. Kampuni moja ya Kijerumani ilitaka mbao zake zifike kwenye reli Mkumbara, zaidi ya mita 1,000 chini ya msitu. Barabara ingezunguka mno. Basi wakaita mafundi wa Bleichert kutoka Leipzig, wakasimamisha minara na kutandika kamba za chuma angani kwa kilomita 9 hivi. Mbao zikashuka zikining'inia juu ya makorongo. Hebu fikiri mwenyewe mchunga mbuzi wa wakati ule, ainuaye macho na kuona gogo likipita juu ya kichwa chake lisilobebwa na mtu. Kwa akili yangu, katika mambo yote ya zamani ya milima hii, hilo ndilo ningetoa fedha nyingi kuliona.

VITA NA TOROLI

Vita ilipofika mwaka 1914, reli ikawa silaha. Mwezi Novemba Waingereza walileta majeshi yao kutoka India yashuke Tanga. Wajerumani wakapakia askari wao kwenye mabehewa huko Moshi, wakawateremsha pwani upesi, na Waingereza wakashindwa. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika wenzetu, nao walipita Mombo usiku na mchana kwenda kufa kwa ugomvi usiokuwa wao.

Kisha ikaonekana shida ambayo mainjinia hawakuifikiria. Reli ya Tanga na reli ya kati, ile ya Dar es Salaam kwenda Kigoma, hazikuunganishwa popote. Wajerumani wakaokota vyuma vya reli ndogo za mashambani, wakatandika njia ya toroli kutoka Mombo mpaka Handeni. Injini yake? Watu. Matoroli yalisukumwa kwa mikono katika jua la nyika, na kutoka Handeni kwenda mbele mzigo ukarudi tena kichwani. Toroli za kusukumwa na watu zilikuwako Mombasa pia zamani hizo, zikiwachukua mabwana toka mji wa kale mpaka Kilindini, lakini zile zilikuwa na kivuli na viti. Mwezi Juni 1916 Waingereza wakaikamata Mombo, na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma wakang'oa reli na kuvunja madaraja yale yale yaliyojengwa kwa kadi na viboko.

Ule mwanya kati ya reli mbili ulikaa wazi kwa miaka mingi. Waingereza waliipeleka njia ya Tanga mpaka Arusha mwaka 1929, lakini mtu wa Lushoto hakuweza kupanda gari la moshi Mombo akashukia Dar es Salaam. Kipande cha kuziba mwanya, kutoka Mnyusi mpaka Ruvu, kilifunguliwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru.

ILIVYONYAMAZA

Reli haifi siku moja. Bei ya mkonge ilianguka kwa sababu dunia ilijifunza kutengeneza kamba za plastiki, na mabehewa yakapungua marobota. Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa nalo pamoja, likavunjika, na kila nchi ikabaki na vipande vyake. Barabara ya lami ikaboreshwa, malori yakaongezeka. Mkulima wa kabichi Lukozi akaona lori linamfuata mpaka shambani, linapakia jioni, na alfajiri mzigo uko sokoni Dar es Salaam. Gari la moshi halikuweza kumshinda mwenye lori kwa hilo, na aliyemlaumu mkulima hajapata kuona kabichi lililolala siku mbili juani.

Katikati ya miaka ya 1990 gari la abiria likaacha kuja. Baadaye hata la mizigo. Majani yakaota kati ya mataruma, mbuzi wakalala penye njia, na watoto wa Mombo, Mazinde na Mkumbara wakakua wakiamini kwamba reli ni mahali pa kupitia kwa miguu kwenda shule.

Mji wa stesheni usio na gari hupungukiwa na vitu ambavyo havimo katika hesabu za Serikali. Mombo haikufa, maana barabara kuu inapita hapo hapo. Lakini stesheni ndogo zilizokuwa mbali na lami zilibaki kama nyumba ya mtu aliyekwenda safari bila kuaga. Mama aliyekuwa akiuza mayai dirishani alihamia kando ya barabara, au aliacha.

Tena ikatokea jambo ambalo wengi walikwisha kulikatia tamaa. Njia ikafyekwa, madaraja yakatengenezwa, na mwezi Julai 2019 gari la mizigo likapita tena mpaka Moshi. Mwezi Desemba mwaka huo likaja la abiria kutoka Dar es Salaam, baada ya miaka 25 hivi. Mwaka 2020 likafika Arusha. Watu walitoka majumbani kulitazama, na wazee walikuwamo katika makundi. Lilivutwa kwa dizeli, bila chu chu na bila masizi, na wazee wengine walilalamika hivyo kidogo, kama mtu alalamikavyo kwamba mjukuu hafanani na babu. Lakini reli ilikuwa na upana ule ule wa mita moja uliopimwa Tanga mwaka 1893, na tuta lilikuwa lile lile la jembe na karai. Huko Dar es Salaam, tangu mwaka 2024, kuna magari ya umeme yaendayo Morogoro na Dodoma juu ya reli mpya pana. Hayo ni mazuri na ya haraka, nayo yana historia yao wenyewe itakayosimuliwa na wajukuu.

Na injini za mvuke zimekwenda wapi? Nyingi zilikatwa zikawa vyuma chakavu. Chache ziko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Kati ya hizo imo moja kubwa mno, namba 5930, ya zile 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zenye uzito wa tani 250 hivi kila moja. Zilitengenezwa kuvuta mizigo ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hii ya 5930 iliitwa Mount Shengena. Shengena ni kile kilele cha Upare, mita 2,462, ambacho msafiri wa gari la moshi la Mombo hukiona upande wa kulia akikaribia Same. Kazi yake ilikuwa kule kwenye njia ya Mombasa, mbali na mlima uliopewa jina lake. Kibao chenye jina hilo kimo ubavuni mwake mpaka leo, na mtoto wa Kipare akifika Nairobi aweza kukisoma.